Simu inaita, binti yangu anaitazama tu

Wiki iliyopita baba yangu mkubwa alinipigia kutoka Kongwa kumshitaki binti yangu. Baba mkubwa haandiki meseji. Akiwa na neno anapiga, na akipiga anasalimia mpaka mifugo. Tulipomaliza mvua, mahindi, goti lake na harusi ya jirani, ndipo akafungua kesi.

"Mwanangu, huyu mjukuu wangu ameanza kiburi. Nampigia, hapokei. Nikiweka tu simu chini, inalia, mtoto wa hapa ananisomea: 'Shikamoo babu, nimeona umenipigia, kuna shida?' Sasa kama ameona, si angepokea?"

Mshitakiwa alikuwa sebuleni kwetu, mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, simu mkononi. Hakukana. "Niliiangalia mpaka ikakata," akasema. "Ningepokea ningeanzia wapi?"

Kesi ilikuwa imefika kwa hakimu anayehusika, ingawa ana undugu na pande zote mbili. Mimi nafundisha isimujamii, yaani namna jamii inavyotumia lugha, chuoni hapa Dodoma, na kwa miaka mingi nimekuwa nikichunguza jambo dogo ambalo wengi hawalioni kuwa ni jambo: watu wanaanzaje maongezi, na wanayamalizaje. Swali la binti lilinikaa kichwani kuliko shitaka la babu yake.

Jibu ambalo watu wa umri wangu hulikimbilia ni hela. Vijana hawapigi kwa sababu meseji ni rahisi. Zamani lilikuwa jibu zuri. Tuliosoma miaka ya 2000 tulikuwa tunabip: unapiga, inaita mara moja, unakata, mwenye salio akupigie. Mtafiti Jonathan Donner aliandika makala mwaka 2007 kuhusu kanuni za kubip, kwa data alizozikusanya zaidi Rwanda, na mojawapo aliyoikuta kule kila Mtanzania anaifahamu: mwenye uwezo ndiye anayelipa. Kumbip mchumba ilikuwa aibu.

Meseji nayo ilikuwa na ubahili wake. Ukomo wa herufi 160 ulitokana na kazi ya Mjerumani Friedhelm Hillebrand na wenzake mwaka 1985, na sidhani kama kuna aliyekuwa akifikiria lugha inayoweza kubeba sentensi nzima ndani ya neno moja kama "nitakapokupigia", herufi 15 bila nafasi hata moja. Ndipo tukapata "cjui" na "2onane". Lakini "xaxa" ilinisumbua. Ina herufi nne, na "sasa" ina nne, kwa hiyo imeokoa nini? Siku moja nikachukua kitochi cha zamani nikahesabu kwa kidole. Herufi "s" iko kwenye namba 7, unabonyeza mara nne. Herufi "x" iko kwenye 9, mara mbili tu. "Sasa" ni mibonyezo kumi, "xaxa" ni sita. Walimu tuliokuwa tukilaani "xaxa" ubaoni tulikuwa tunalaani vidole vilivyochoka. Baadaye simujanja zikaja na kila herufi ikawa mguso mmoja, lakini "xaxa" ikabaki kama pambo, hadi ikachuja yenyewe.

Hela basi haitoshi. Leo vifurushi vinakuja na dakika, meseji na bando kwa pamoja, na wanafunzi wangu wananiambia dakika zao huisha muda bila kuguswa. Mtu anayeacha dakika alizokwisha kuzilipia zioze hafanyi ubahili. Anakwepa kitu.

Mwaka 1968 Emanuel Schegloff, Mmarekani, alichapisha uchunguzi wa namna simu zinavyofunguliwa, akitumia mamia ya simu zilizorekodiwa. Aliona kwamba anayepokea ndiye anayesema kwanza, ingawa si yeye aliyetaka kuongea. Maelezo yake ni kwamba mlio wa simu ni wito, na ile "haloo" ni kuitika. Mtu anayeitwa kwa jina uani huitika "abee" au "naam" kabla hajajua anaitiwa nini, na akishaitika amejifunga kusikiliza. Simu ni hivyo hivyo.

Sasa ulete wito huo kwenye Kiswahili. Mmarekani akishasema "haloo", salamu inayofuata inaweza kuwa moja kwa mtoto na kwa mzee. Kwetu haiwezekani. Huwezi kutoa salamu ya kwanza kabla hujajua umri wa unayemsalimia. Ni "mambo" au ni "shikamoo"? Ni "habari za leo" ya kiofisi, au ni ndugu wa baba ambaye usipomwamkia habari itafika kijijini kabla ya jua kuzama? Ana kwa ana, macho yanafanya hesabu hiyo kabla mdomo haujafunguka. Kwenye simu, hasa namba ngeni, una sauti tu, na sauti inadanganya. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kumpokea mzee wa kanisa kwa "oya, niaje". Mimi mwenyewe nilimwamkia kijana wa kuleta mitungi ya gesi, sauti nzito kama ngoma, naye bila hata kupepesa akaitikia "marahaba, mzee".

Ndiyo maana mkisikiliza vijana wakipokea namba wasiyoijua, ile "haloo" yao ni ndefu na inaning'inia. Wanasubiri mwenzao aseme maneno mawili matatu ili wapime. Mzee upande wa pili naye anasubiri aamkiwe. Kimya hicho cha sekunde moja anakisoma kuwa utovu wa adabu, kumbe mtoto anaitafuta hiyo adabu gizani. Hapa kwetu kuna na nyongeza: mpigaji akiwa Mgogo mtu mzima anaweza kufungua kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na kijana aliyehamia na wazazi wake serikali ilipohamia Dodoma hana la kuitikia.

Meseji inaondoa tatizo hilo kwa pigo moja. Jina linaonekana. Kama halionekani, mtu anajitambulisha. "Shkamoo mama, ni Neema wa chuo" inachukua mstari mmoja, na heshima inafika kamili, haikukosea mlango. Wazee wanadhani vijana wanakimbia salamu. Mimi naona wanakimbia kukosea salamu.

Halafu kuna kasi. Utafiti wa Tanya Stivers na wenzake uliotoka mwaka 2009 ulipima maongezi katika lugha kumi, kuanzia Kidenishi hadi Kilao, na kukuta kwamba kwa kawaida watu hujibu swali ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, karibu na milisekunde 200. Hakuna lugha ya Kibantu kati ya hizo kumi, na hilo linaniuma kama mtu wa fani, lakini sina sababu ya kudhani sisi tunajibu keshokutwa. Maana yake ni kwamba kwenye simu jibu linadaiwa kabla hujamaliza kulifikiria. Ana kwa ana ukichelewa, uso unakusaidia: unatabasamu, unakuna kichwa. Kwenye simu kuchelewa ni kimya kitupu, na kimya kina maana yake. "Unaweza kunikopesha elfu hamsini?" Ukikaa sekunde mbili, umeshajibu.

Wanaosema vijana hawapendi kuongea huwa nawauliza kuhusu sauti za WhatsApp. Huduma hiyo ilikuja mwaka 2013, na kijana yule yule asiyepokea simu atakutumia sauti ya dakika nne, ndani yake amecheka, amesimulia, amemwita mtu mwingine pembeni na kumjibu. Sauti yake haimwogopeshi. Anachokwepa ni ile zamu ya kujibu papo hapo, mwenzake akiwa amekamata upande wa pili wa kamba.

Kumaliza ni kugumu kuliko kuanza. Kiswahili kina neno la ajabu la kufungia maongezi, "haya". Linatoka kidogo kidogo. "Haya baba." "Haya, haya mwanangu." "Haya basi." Kila "haya" ni ombi la kufunga, na mwenye umri mkubwa ndiye mwenye haki ya kulikubali. Akisema "haya… eeh, na yule mwalimu wenu alipona?", mlango umefunguka upya na mdogo hana ruhusa ya kuusukuma. Tulilelewa hivyo, na wala sisemi ni vibaya, ila tukubali kwamba mdogo anayepokea simu ya mkubwa anaingia chumba ambacho funguo zake hana. Kitu cha kuchekesha ni kwamba "haya" hiyo hiyo ikiandikwa peke yake kwenye meseji imegeuka ugomvi. Muulize kijana yeyote aliyewahi kuandikiwa "Haya" na mpenzi wake saa tano usiku kama alilala.

Kuna na maana ya mlio wenyewe, ambayo imegawanyika kwa rika. Kwa baba mkubwa, kupiga ni kusalimia tu. Kwa binti yangu, aliyezoea kwamba mambo ya kawaida yote huja kwa maandishi, simu inayoita kutoka nyumbani ni msiba au ni mzinga, yaani kuombwa hela. Ndiyo maana meseji yake iliuliza "kuna shida?". Hakuwa na kejeli. Alikuwa ameshtuka. Na kwa haki, ile "nilikuwa nakusalimia tu" ya wazee wetu siku nyingine huwa na mkia, mbegu za alizeti au ada ya mtoto wa fulani. Kwenye meseji mzinga unaweza kukataliwa kwa adabu, baada ya kuandika, kufuta, na kuandika tena.

Kilichonigusa zaidi katika kesi hii lakini ni sentensi ambayo baba mkubwa aliipitia haraka: "mtoto wa hapa ananisomea". Macho yake hayaoni tena maandishi ya kitochi. Kila meseji anayopelekewa inasomwa kwa sauti na mtoto wa darasa la tano, barazani, mbele ya yeyote aliyekuja kunywa uji. Kwake meseji ni barua ya wazi. Faragha yake iko kwenye simu ya kuongea: anaisogeza sikioni, anatembea hadi kwenye mbuyu, anasema la moyoni.

Binti yangu yuko kinyume kabisa. Siku za wiki anaishi hosteli, chumba cha wanne. Akipokea simu wanasikia wote, na upande wa mzee ukiwa umezoea kupaza sauti kana kwamba Kongwa na Dodoma zinasikilizana kwa upepo, wanasikia pande zote mbili. Atoke nje? Mwezi wa Julai upepo wa hapa unaingia kwenye simu mpaka unayeongea naye anauliza kama uko ndani ya lori. Faragha yake iko kwenye kidole gumba. Kwa hiyo babu na mjukuu walikuwa wanatafuta kitu kimoja, kila mmoja mahali ambapo mwenzake anakipoteza, na kila mmoja akimwona mwenzake hana adabu.

Nilimweleza baba mkubwa habari ya hodi. Mtu akija kwako anabisha, ukikaa kimya anabisha tena, mara ya tatu anaondoka bila kinyongo. Simu haijui kubisha, inaingia na miguu hadi chumbani. Vijana wamejitengenezea hodi yao, meseji ya "naweza kupiga?". Akafikiri. "Sasa mimi hodi hiyo nitaibishaje bila miwani?" Swali la haki. Tukakubaliana kwamba abip, kama enzi zetu. Abip mara moja, iwe ndiyo hodi, na mjukuu apige mwenyewe akipata utulivu. Mwenye uwezo analipa, na siku hizi mwenye dakika zinazooza ni mjukuu.

Jumapili jioni alibip saa moja na robo. Binti akamaliza kula, akakaa kwenye kochi, akaweka sauti ya nje na kupiga. Alianza vizuri, "shikamoo babu" nzito ya kueleweka. Mvua, mahindi, goti. Dakika kama kumi na tano hivi nikasikia "haya" ya kwanza, nikainua kichwa. Ikaja ya pili, ikafuatiwa na habari za ng'ombe aliyezaa. Muda kidogo simu yangu ikatetemeka mezani. Ilikuwa meseji yake, kutoka kochi la pili, mita mbili kutoka nilipokaa:

"Baba nimesema haya mara 6 anaanza upya, nafanyaje"