Kabla ya Kumwita Mdudu Spishi Mpya

Mara nyingi huletewa picha ya mdudu wa familia ya Cicadellidae, wale wadogo wenye umbo la kabari wanaofyonza utomvu wa majani na kuruka ukiwasogelea tu, nikaulizwa kama ni spishi mpya. Picha peke yake hainitoshi. Familia naitambua upesi kwa safu za miiba kwenye muundi wa mguu wa nyuma, lakini ina spishi zaidi ya 20,000 zilizokwisha kupewa majina, na rangi, ambayo ndiyo huvutia jicho kwanza, hutofautiana hata ndani ya spishi moja na hufifia kielelezo kinapokauka.

Ushahidi ninaoutegemea umo ndani ya fumbatio la dume. Hulitenga kwa sindano nyembamba, nikalilowesha katika myeyusho wa haidroksidi ya potasiamu wa asilimia 10 mpaka nyama ziyeyuke na libaki gamba angavu, kisha nikalisuuza na kuliweka katika tone la gliserini chini ya hadubini. Hapo uume, ambao kwa kawaida haufiki hata milimita moja, huonekana kama ndoana yenye vichomozo, na mkao wa vichomozo hivyo, kama vimepinda kuelekea juu au vimegawanyika nchani, ndio unaotenganisha spishi ambazo kwa nje hazina tofauti. Huuchora kwa ubavuni na kwa nyuma pia, kwa kuwa upande mmoja huficha mengi. Jike aliyenaswa peke yake simpi jina.

Tofauti hiyo bado haithibitishi upya. Nalazimika kusoma maelezo ya kila spishi ya jenasi husika, na michoro ya zamani isiponitosha, kuomba kuiona holotaipu, yaani kielelezo kimoja ambacho jina limefungwa kwacho. Uvumilivu huu una maana kubwa: katika jenasi ya Cicadulina, ambamo spishi hufanana mno, Cicadulina mbila hueneza virusi vya michirizi ya mahindi, na jina likikosewa, mtafiti wa ugonjwa huo humfuata mdudu asiyehusika.

Nikisharidhika, huteua holotaipu yangu, kwa kuwa Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinadai kielelezo kinachobeba jina kitajwe waziwazi kwa kila spishi iliyotangazwa baada ya mwaka 1999, na kutaja makumbusho itakamohifadhiwa. Kwenye lebo huandika mahali, tarehe na, nikiwa na hakika, mmea aliokutwa akiufyonza.