Kumodifai upinde nyumbani maana yake nini, na kwa nini uanze na upote

Mtu akikwambia "nimemodifai upinde wangu" usidhani kaubadilisha wote, mara nyingi kagusa kitu kimoja kidogo tu, kaongeza mizunguko kwenye kamba au kafunga uzi wa sufu, basi. Kumodifai ni kubadilisha upinde ambao tayari unao, kwa mikono yako na vitu vilivyomo ndani ya nyumba, ili upige vizuri zaidi au upunguze kelele au ukukae vizuri mkononi. Kuchonga upinde kutoka kwenye mti ni kazi nyingine kabisa, na ukinunua kifaa dukani ukakikaza na skrubu hapo umenunua tu, hujamodifai.

Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanafanya hivi siku zote na hawana jina la kizungu la kuliita hilo, wanachukua msumari mkubwa wanaugonga na jiwe mpaka unakuwa kigumba cha mshale, mshale ukipinda wanaupasha moto kidogo wanaunyoosha kwa meno, na kamba yao ni mshipa wa mnyama. Mimi nikisikia mtu anasema kumodifai ni mambo ya watu wenye hela nakumbuka ule msumari.

Sasa hiyo kamba. Kwa Kiswahili chake inaitwa upote, neno zuri sana, na nitalitumia hapa mpaka mwisho. Kwa upinde wa kisasa ule wa rikavu (ambao ncha zake zinarudi mbele) upote ndio sehemu rahisi kuliko zote kumodifai, na ndio inayobadilisha mambo mengi kwa gharama ya sifuri. Kuna kipimo wenyewe wanakiita breisi haiti (mimi nitakiita kimo), yaani umbali kutoka kwenye upote mpaka sehemu ya ndani kabisa ya mshikio, upinde ukiwa umevalishwa upote lakini haujavutwa. Kwa rikavu ya inchi 66 huwa kama sentimita 21 hadi 22 hivi, yaani ni shubiri ya mtu mzima kasoro kidogo. Kwa upinde mrefu ulionyooka ni pungufu ya hapo, Waingereza wa zamani walikuwa wanaweka ngumi kwenye mshikio wananyoosha dole gumba juu, likigusa upote basi kimo kinatosha.

Kwa nini ujali? Upote ukiwa karibu sana na mshikio, mshale unasukumwa kwa safari ndefu zaidi kabla haujaachiwa, kwa hiyo unapata spidi kidogo, ila upote unakuchapa kwenye mkono, upinde unapiga kelele, na kosa lolote la vidole wakati wa kuachia mshale unaenda nalo. Ukiwa mbali, upinde unatulia na kunyamaza lakini unapoteza nguvu kidogo na ile mikono miwili ya upinde inayopinda inabebeshwa mzigo zaidi. Hakuna namba moja ya watu wote, kila upinde una mahali pake.

Wangu ulipofika nilikuta kimo ni sentimita 20 tu, kila nikiachia unasikia twaaa kama mtu kapiga bati, na ndani ya mkono nikapata alama nyekundu ndefu. Nikaufungua kwa kamba maalum ya kuvalishia (usipitishe mguu ndani ya upinde ukaupinda kwa paja, ndivyo mikono inavyopindika upande na hairudi), nikatoa kitanzi kimoja cha upote nikausokota mizunguko minne kwa upande uleule uliosokotwa tangu mwanzo, nikavalisha, nikapima, nikapiga mishale sita. Ukisokota, upote unafupika, ukifupika unakaa mbali zaidi na mshikio, siri yote ni hiyo. Mizunguko minne inapandisha milimita chache tu kwa hiyo nilirudia na kurudia, na nilipofika 21.8 ile twaaa ikageuka tup, sauti fupi nzito, na mkono haukuguswa tena. Sikuhitaji kifaa, sikio langu ndilo lililoniambia nimefika. Ila usisokote mpaka upote uanze kujikunja vifundo kama uzi wa kushonea uliochanganyika, hapo umezidisha, tafuta upote mfupi.

Baada ya hapo ndio vitu vingine. Alama ya kuchomekea mshale, watu wengi wanaweka kipete cha shaba lakini mimi napenda uzi wa kusafishia meno, unafunga fundo moja mbele moja nyuma mara kumi na mbili hivi, milimita 10 juu ya mstari wa skwea (ule unaotoka mahali mshale unapolala ukakutana na upote kwa pembe mraba), kisha tone moja la supaglu. Haukwaruzi ngozi ya vidole na ukikosea unaukata unafunga mwingine. Sufu ya kufumia sweta, ukifunga vishungi viwili kwenye upote, kimoja kwenye robo ya urefu kutoka juu na kingine kwenye theluthi kutoka chini, inameza mtetemo na kelele zinapungua, mvua ikinyesha tu inanyonya maji na kuwa nzito. Wengine wanaongeza vyuma vizito chini ya mshikio ili upinde usiyumbe, sawa, ila kama unapiga mashindano ya beabo (upinde usio na kifaa cha kulengea wala fimbo za kutuliza) ujue sheria ya kimataifa inataka upinde ukiwa haujavalishwa upote upite na vitu vyake vyote ndani ya duara lenye kipenyo cha sentimita 12.2, kwa hiyo pima kabla hujafunga.

Hivyo vyote vinafunguka. Kisichofunguka ni msumeno na tupa kwenye ile mikono inayopinda, na hapo nawasihi kabisa msiguse. Najua mtu atanitajia Holless Wilbur Allen wa Missouri, huyo kweli alikata ncha za upinde wake akaweka puli, akaomba hataza 1966 akapewa 1969, na ndio ikazaliwa kompaundi ambayo itaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028. Lakini yeye alikuwa anabuni mashine mpya, hakuwa anatafuta spidi kidogo kwenye upinde anaoutegemea.

Na kuna kosa moja linaloonekana dogo kuliko msumeno lakini linaua pinde nyingi za zamani: kubadilisha upote wa dakroni ukaweka ule wa kisasa usiovutika. Dakroni inavutika kidogo mshale unapotoka, inakuwa kama breki laini, ule mwingine unasimama ghafla na mshtuko wote unaenda kwenye ncha za upinde ambazo hazikuimarishwa, zinapasuka. Kama hujui upinde wako ulitengenezwa kwa upote gani weka dakroni. Na usiachie upote bila mshale hata siku moja, hata kwa kujaribu tu sauti, maana nguvu ambayo ingeondoka na mshale inabaki ndani ya upinde wenyewe.

Mimi nimebandika tepu ndani ya mkono wa chini wa upinde, nimeandika 21.8 na tarehe, kila nikivalisha napima kwanza, maana upote mpya unalegea siku za mwanzo na kimo kinashuka chenyewe bila wewe kugusa kitu.