Mpiga piano wa jazi habahatishi

Kwenye maonyesho ya jazi Nairobi, hukosi kumsikia mtu akisema: hawa hawafanyi mazoezi, kila mmoja anapiga lake mpaka wakutane mwishoni. Dhana hii ni ya zamani, na inaeleweka. Wanamuziki waliokutana mchana wanaweza kupanda jukwaani jioni bila karatasi yoyote.

Kinachowawezesha ni makubaliano. Bluzi, mtindo wa muziki ulio mzizi wa jazi, kwa kawaida ina vipande 12 vya mapigo manne manne, na mfuatano wa sauti unaojulikana, ukiisha, unarudiwa. Kinachobuniwa papo hapo ni melodia ya juu yake. (Wapiga gitaa wa benga nao hujimwaga juu ya mzunguko unaorudiwa, na hakuna anayesema wanabahatisha.) Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya mpiga piano: amsikilize mwenye saksafoni, amuunge mkono, amwachie nafasi, na asipoteze hesabu.

Mwaka 1957, katika klabu ya Five Spot jijini New York, mpiga piano Thelonious Monk alizoea kuinuka kwenye piano na kucheza dansi huku John Coltrane akipuliza saksafoni. Muziki haukuvunjika. Besi na ngoma ziliushikilia mzunguko, na Coltrane alikuwa amefundishwa nyimbo hizo nyumbani kwa Monk, kipande kwa kipande. Mpiga piano Herbie Hancock naye, kabla ya kujiunga na bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963, alishapiga muziki wa Mozart na okestra ya Chicago akiwa na miaka 11.