Mafuta ya makapi hayamnyang'anyi mtu chakula

Ethanoli ya magari, yaani kileo kinachochomwa kama mafuta, ikitajwa tu, utasikia hoja ileile: magari yanashibishwa huku watu wakilala njaa. Kwa ethanoli ya mahindi ya Marekani, hoja hiyo ina mashiko. Kosa ni kuyabebesha lawama hiyo mafuta yote yatokanayo na mimea.

Tazama Brazili. Tangu mpango wa serikali wa kukuza mafuta ya ethanoli, Proálcool, wa mwaka 1975, nchi hiyo imetengeneza ethanoli kwa maji ya miwa na molasi, uji mzito unaobaki sukari ikishatengenezwa. Muwa ukishakamuliwa hubaki makapi, nyuzi kavu zisizolika. Ndani yake mna selulosi, yaani mnyororo mrefu wa glukosi, sukari ambayo chachu huifurahia. Ila imeshikamana na lignini, kitu kinachoupa mti ugumu. Kwa hiyo nyuzi hulainishwa kwanza kwa mvuke wa shinikizo kubwa, kisha vimeng'enya, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kikemia, huukata mnyororo, ndipo chachu ianze kazi ya kuigeuza sukari kuwa ethanoli. Zailosi, sukari nyingine iliyomo, chachu ya kawaida ya mkate haiigusi. Mwaka 2015 kampuni ya Raízen ilizindua kiwanda cha namna hii Piracicaba, jimbo la São Paulo.

Wanaoyaita makapi takataka ya bure nao wanakosea. Viwanda vya sukari huyachoma kupata mvuke na umeme wake. Majani ya miwa nayo yanaweza kutumika kama makapi, lakini yote yakizolewa shambani, udongo hubaki wazi. Halafu kuna gharama: vimeng'enya ni ghali, na mchanga unaoingia na makapi hula mitambo.