Ngumi Unazo, Judo Unayo, MMA Bado

Tangu Januari huyu ni wa saba kunijia akitaka MMA, mapigano ya mitindo mchanganyiko. Kijana wa ngumi, miaka minne ulingoni, mikono myepesi, na juu yake ana mkanda wa kahawia wa judo. Hata maji hajanywa: "Kocha, mimi nimekamilika. Kusimama nina ngumi, kukamatana nina judo. Nitafutie pambano la MMA." Nikamuuliza, na katikati una nini? Akacheka, akajua namtania.

Nimechoka kulijibu hili mmoja mmoja, kwa hiyo leo naliandika.

Dhana: MMA ni kujumlisha

Unachukua ngumi, unaongeza judo au mieleka, unanyunyizia jujitsu ya Brazil, mpiganaji tayari. Wazazi wanaonikabidhi watoto wanaiamini hesabu hii, waandaaji wa mapambano wanaiamini, na kinachoniudhi zaidi ni makocha wenzangu wanaoiuza: Jumatatu ngumi, Jumatano judo, Ijumaa jujitsu, kila siku mwalimu wake, na hakuna anayejua mwenzake amefundisha nini.

Ukweli ni kwamba kila mchezo umezaliwa chini ya sheria zake, na sheria hizo ndizo zilizompangia mchezaji pa kuweka mguu, kiuno na kichwa. Bondia anageuza mguu wa mbele kwa ndani na kuuegemea, kwa kuwa ulingoni hakuna wa kumpiga teke. Anainama kukwepa ngumi, kwa kuwa huko chini hakuna goti linalomsubiri. Anajificha nyuma ya glovu za aunsi 8 au 10. Za MMA ni aunsi 4 hivi, vidole viko wazi, na ukijiziba nazo uso konde linapenya kama maji kwenye pakacha. Mtu wa muay thai, ngumi na mateke ya Thailand, anasimama wima, mguu wa mbele mwepesi ili auinue kukinga teke. Kwa mtu wa mieleka huo ni mguu wa kuchota tu. Naye mtu wa mieleka anaingia kichwa chini, mikono chini, shingo anaileta mwenyewe kwenye kabali. Judo imejengwa juu ya mshiko wa gi, lile vazi lao: ukosi na mkono wa nguo. Jujitsu inakuzoesha kulala chali kwa raha zako, maana kwenye mashindano yake hakuna anayeruhusiwa kukuteremshia kiwiko usoni.

Haya, jumlisha. Utapata mtu mmoja mwenye mikao mitano inayogombana, na kila anapotoka mkao mmoja kwenda mwingine anasimama nusu sekunde kufikiri. Watu hupigwa kwenye hiyo nusu sekunde.

Yule kijana sikumhubiria. Nilimvalisha glovu ndogo na kinga za ugoko, nikampa dogo mmoja wetu wa kilo 61, mwaka mmoja na nusu wa mazoezi, hana hata mkanda wa kufungia suruali. Ukumbi wetu si wa kifahari: chini tumetandaza maranda, juu tumevuta turubai na kulikaza, na ukutani tumesimamisha magodoro yafanye kazi ya wavu wa kizimba. Dakika ya kwanza bondia alikuwa mtamu kumtazama. Ngumi mbili za mbele, moja ya kulia, ametoka. Dogo akazila zote tatu.

Halafu likaja teke la kigimbi, upande wa nje, chini kidogo ya goti. La pili likapiga palepale. La tatu lilipotua niliona unyayo wake unachelewa kuinuka, maana pale nje ya goti inapita neva ambayo ikigongwa sawasawa mguu unakufa ganzi. Dogo alipojitingisha tena, bondia akauinua mguu wa mbele aukinge. Safari hii teke halikuja. Dogo alikuwa ametingisha bega tu, danganya toto, akashuka na kuuchota ule mguu mmoja uliobaki chini. Hapo ndipo bondia akaikumbuka judo yake. Mkono ukaenda kutafuta ukosi. Ukosi haupo, kuna jasho. Wakati vidole vinakamata hewa, ndio wakati alipotakiwa awe ameshatupa miguu nyuma na kumlalia mwenzake mgongoni. Akatua chali. Kwenye judo kutupwa chali safi ndiyo mwisho wa pambano; huku ndiyo kwanza dogo anapanda juu yake na kuanza kazi.

Ngumi alizijua, judo aliijua. Njia ya kutoka huku kwenda kule hakuwahi kufundishwa na mtu, kwa kuwa si mwalimu wa ngumi aliyeona inamhusu wala wa judo.

Msione ni mambo ya wanafunzi. Conor McGregor, nyota wa MMA kutoka Ireland, aliingia kizimbani Abu Dhabi Januari 2021 kukutana na Dustin Poirier akiwa amesimama kibondia, mkao mpana, uzito mbele. Poirier akamchapa mateke ya kigimbi mpaka mguu ukawa gogo, na raundi ya pili ngumi zikamaliza mtu ambaye hawezi tena kukimbia. Wazee wetu wanaikumbuka Kinshasa ya 1974, Ali na George Foreman, lakini wachache wanaikumbuka Tokyo ya Juni 1976, Muhammad Ali alipokutana na mwanamieleka Antonio Inoki. Inoki alijilaza chini raundi kwa raundi akimpiga mateke ya miguu. Raundi 15 zikaisha kwa sare, watu wakazomea, Ali akaondoka na miguu iliyovimba na damu iliyoganda. Walikuwa mabingwa wawili, kila mmoja anacheza mchezo wake mwenyewe, kwa hiyo mchanganyiko wenyewe haukuwepo.

Sasa tazama unavyokuwa ukiungwa vizuri. Georges St-Pierre wa Kanada alianzia karate ya kyokushin na hakuwahi kushindana mieleka ya vyuo. Agosti 2007 alikutana na Josh Koscheck, bingwa wa mieleka wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2001, akamshinda kwenye mieleka hiyohiyo. Siri haikuwa misuli. Ngumi yake ya mbele na kule kushuka kuchota miguu vilianza kwa hatua ileile, bega lilelile. Ukiinua mikono kukinga ngumi, nyonga zimebaki wazi, anazichukua. Walirudiana Desemba 2010, na safari hii Koscheck alikuja ameinama kungoja kuchotwa. Akala ngumi za mbele raundi tano mpaka mfupa wa jicho ukavunjika. Mlango ule mmoja ulikuwa na vyumba viwili, na aliyekuwa nje hakujua kipi kitafunguliwa.

Khabib Nurmagomedov, mtu wa sambo, mieleka ya Kirusi, kutoka Dagestan, Urusi, alimwangusha McGregor kwa konde la kulia raundi ya pili, Oktoba 2018. Khabib huyo hakuna aliyewahi kumwita bondia. Ila McGregor alikuwa anaiwazia miguu yake, na konde likapita juu ya mawazo hayo.

Nampenda zaidi Francis Ngannou, kwa sababu makosa yake aliyafanyia kazi mbele ya macho yetu. Mkameruni wa kijiji cha Batié, mchimba mchanga tangu utotoni, mkono mzito ajabu. Januari 2018 Stipe Miocic alimbeba na kumlaza raundi tano, pumzi ikakata, tukasema basi, ni ngumi tu. Machi 2021 wakarudiana: Miocic akashuka kuchota, Ngannou akamkalia na kumpiga palepale alipokuwa anainuka, na raundi ya pili akamzimisha. Januari 2022, goti likiwa bovu, akakutana na Ciryl Gane, fundi wa ngumi za mateke kutoka Ufaransa. Kila mtu alingoja konde. Ngannou akamwangusha, akamlaza, akashinda kwa pointi. Hakubadilisha mchezo, alijifunza njia za katikati.

Ndiyo maana kwangu mimi miezi mitatu ya kwanza ni njia tu, na wanaotaka kupiga begi wanajua barabara ilipo. Ngumi mbili za mbele, shuka, gusa goti la mwenzako. Mwenzako anatupa miguu nyuma. Mnainuka. Na kabla ya kuachana, mmoja apige. Hii ngumi ya kuachana nimeipigia kelele mpaka sauti imekauka, kwa sababu binadamu akijinasua kwenye mikono ya mtu hupumua na kushusha mikono. Hiyo pumzi inauzwa ghali. Halafu mnakwenda ukutani: kichwa chini ya kidevu chake, mkono mmoja chini ya kwapa, mwingine umemshika kifundo cha mkono. Kwenye ngumi mwamuzi angewaachanisha, kwenye judo mngekuwa nje ya mkeka, lakini kwenye kizimba mnaweza kukaa pale dakika mbili nzima, na asiyejua cha kufanya pale amekwishapoteza raundi.

Zilizobaki nazipitia harakaharaka.

"Kocha, mtindo gani unashinda yote?"

Hakuna, na aliyekuambia upo anauza ada. Novemba 12, 1993, pale Denver, Royce Gracie alishinda mashindano ya kwanza ya UFC, kampuni kubwa ya MMA ya Marekani, kwa jujitsu ya familia yake. Mmoja wa aliowashinda, Art Jimmerson, alikuwa bondia aliyeingia na glovu moja tu, na alipolaliwa akasalimu amri. Gracie akabeba tena mashindano ya pili na ya nne, dunia ikaamini jujitsu ndiyo dawa. Kisha wakaja watu wa mieleka kama Mark Coleman wakatawala, mpaka Julai 1997 Maurice Smith, mtu wa ngumi za mateke aliyejifunza kuvumilia chini na kuinuka, akamchosha Coleman na kumnyang'anya mkanda. Mei 2006 Matt Hughes akampiga Gracie raundi ya kwanza. Silaha inatisha mpaka wenzako waijue. Wakishaijua, inakuwa somo la darasa la kwanza.

"Mieleka si ni maigizo?"

Hii nailaumu televisheni. Ile ya kuruka kutoka kwenye kamba ni tamthilia, na wanaoicheza hawajaficha. Mieleka ya Olimpiki ni kitu kingine kabisa. Brock Lesnar amepita zote mbili: alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2000, akaenda kwenye maigizo, kisha Novemba 2008 akachukua ubingwa wa UFC wa uzito wa juu. Na ukitaka mfano wa Afrika, yupo Oumar Kane wa Senegal, wanayemwita Reug Reug, mtoto wa laamb, mieleka ya mchangani kwao. Novemba 2024 alimvua Anatoly Malykhin ubingwa wa uzito wa juu wa ONE, kampuni ya mapambano ya Asia, na Malykhin alikuwa hajawahi kupoteza. Mimi ukiniambia una nafasi ya kujifunza kitu kimoja tu, nitakupeleka kwenye mieleka kabla hujamaliza sentensi. Mwenye mieleka ndiye anayeamua pambano lichezwe juu au chini, hata kama hapendi kuangusha mtu.

"Bondia akikupata moja tu, umekwisha."

Akikupata. James Toney alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi kwenye uzito zaidi ya mmoja. Agosti 2010 Randy Couture alichuchumaa mpaka karibu na sakafu, akamshika kisigino, akamlaza, na kabali ikamaliza kazi raundi ya kwanza. Konde la maana la Toney silikumbuki.

"Karate ni ya watoto na sinema."

Wanaosema hivi wengi wao ni watu wa ngumi, na wanasema mpaka wakutane na mtu anayejua umbali. Lyoto Machida, mtu wa karate ya shotokan aliyofundishwa na baba yake, alimzimisha Rashad Evans Mei 2009 akawa bingwa. Anakaa mahali ambapo mkono wako haufiki, anaingia mara moja, anatoka. Karate inayokuangusha ni ile ya kugusa na kusimama kungoja pointi, maana ukisimama umebebwa.

"Maliza mtindo mmoja kwanza, mingine itafuata."

Msingi mmoja ni mzuri, sibishi. Lakini mwili uliokaa miaka kumi kwenye mkao mmoja hausikii maneno, na kuubomoa kunauma kuliko kuujenga. Anza njia za katikati mwezi wa kwanza, hata kama ngumi yako bado mbovu.

Bondia wangu alirudi Jumatatu, anachechemea kidogo. Nikamweka kwenye godoro la ukutani na yule dogo: kichwa chini ya kidevu, mkono kwapani, nusu saa, bila ngumi hata moja. Kocha, akaniuliza akihema, sasa pambano lini? Nikampa ndoo na tambara. Turubai lilikuwa limelowa jasho, na watoto wa saa kumi na moja walishajaa mlangoni.