Mbwa haangalii runinga ya zamani

Jumamosi mzee mmoja aliniletea mbwa wake nimchanje dhidi ya kichaa cha mbwa. Mkanda wa shingoni ulikuwa umembana, nikamwambia amnunulie mwingine. "Rangi yoyote tu, daktari? Si mbwa anaona nyeusi na nyeupe?"

Nimechoka. Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, nimeambiwa hivyo na wafugaji, na walimu, hata na mtu tuliyesoma naye udaktari wa mifugo. Huyo ndiye aliyenikera kuliko wote.

Mbwa anaona rangi. Sisi tuna koni, yaani chembe za jicho zinazotambua rangi, za aina tatu, yeye anazo mbili: moja huitikia zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 429 hivi (upande wa bluu), nyingine 555 (upande wa kijani na njano). Mtafiti Neitz na wenzake walilionyesha hilo Marekani mwaka 1989, tena kwa mbwa watatu tu. Bluu kwake ni bluu, njano ni njano. Kijani, chungwa na nyekundu zote zinaangukia upande wa njano na kahawia, na kijani-bluu cha karibu nanomita 480 kinageuka kijivu.

Sasa mtu akishasikia hayo, anarukia kosa la pili: "Kumbe haoni nyekundu!" Kana kwamba kitu chekundu kinayeyuka mbele yake. Hapana, jamani! Anakiona, ila kimefifia, cha kahawia iliyokolea, na kinapotea pale tu kilichokizunguka kinapofanana nacho. Mtoto wa jirani alirusha mpira mwekundu kwenye nyasi. Mbwa wangu akaupita, akarudi, akazunguka pua ikiwa chini mpaka akaunusa. Mtoto akacheka, "Mjinga huyu!" Nikamwambia aurushe kwenye sementi. Mbwa akauendea moja kwa moja, maana pale ni kitu cheusi-cheusi juu ya kitu cheupe. Tukaleta mpira wa bluu kwenye nyasi, nao akaufuata bila kusita. Nakiri huo si utafiti: mbwa mmoja, na mpira wa bluu ulikuwa mpya, unanuka plastiki toka mbali.

Wapo wanaobisha kwamba hata akiziona, rangi hazimsaidii, anafuata mng'ao tu. Warusi walijaribu hilo, wakachapisha mwaka 2013: mbwa walipolazimika kuchagua, wengi walifuata rangi.

Zile picha za simu za "mbwa anavyoona" nazo zisikudanganye sana. Zimekadiriwa kwa hesabu kutokana na koni tu. Ninapoandika "njano" naazima neno la macho yangu; kinachotokea kichwani mwake hakuna aliyekichungulia, mimi nikiwemo.

Basi nikamshauri mzee: kama atamfunza kufuata mkanda ukirushwa kwenye nyasi, achukue wa bluu, kama ni wa shingoni tu, achague anaoupenda yeye, hata wa njano.

"Njano? Majirani watasema mbwa ameingia chama cha siasa."

"Bluu, basi."

"Nayo ina wenyewe."

Nyekundu hata sikuitaja. Akaondoka na mweusi.