"Nyumba ni nyumba tu": kauli inayowaponza wenye nyumba za kupangisha Kigoma

Mwenye nyumba wa Gungu au Mwanga akija kukata bima ya moto, sentensi moja haikosekani: "Nyumba ni nyumba tu, wapangaji wangu wanaihusu nini bima?"

Wanaihusu sana. Bima haipimwi kwa matofali na bati peke yake, hupimwa pia kwa namna nyumba inavyotumika. Familia moja yenye jiko moja uani si sawa na vyumba vinane vya korido, kila mlango na mtungi wake wa gesi au jiko la mkaa. Ukisogea karibu na mwalo wa Kibirizi mambo yanazidi: mpangaji mvuvi ana madumu ya petroli ya injini ya boti chini ya kitanda, na betri za taa za dagaa zinachajiwa mchana kutwa kwenye soketi moja na feni. Halafu kwenye fomu ya maombi mwenye nyumba ameandika "makazi ya familia".

Moto ukitokea, mkadiria hasara anahesabu makufuli nane na kuwauliza majirani. Kampuni ina haki ya kukataa dai zima, kwa kuwa ilifichwa jambo ambalo lingebadilisha ada au uamuzi wa kukubali bima yenyewe. "Wakala hakuniuliza" si utetezi, wajibu wa kusema ni wa anayeomba. "Nilimwambia kwa mdomo" ndiyo mbaya zaidi, maana maneno ya mdomo hayamo kwenye faili. Na ndiyo, ada inaweza kupanda. Afadhali ipande kuliko kulipia karatasi.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, andaa ukurasa mmoja kwa kila chumba: jina la mpangaji, tarehe aliyoingia, kodi, anapikia nini, anahifadhi nini. Fremu ya mbele iandikwe kivyake, maana saluni na duka la mafuta ya taa ni hatari mbili tofauti. Ambatisha nakala ya mkataba wa pango wenye kifungu kinachokataza petroli chumbani, kisha kisimamie. Kifungu kisichosimamiwa kitatumika dhidi yako.

Piga picha pembe nne za kila chumba, dari, soketi, swichi kubwa, mita ya LUKU namba ikionekana, na paa kwa nje. Zirudiwe kila mpangaji anapobadilika. Umeme ukaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), aandike namba ya leseni kwenye ripoti yake. Kasoro inayojirudia kwenye nyumba za vyumba ni soketi kuvutiwa waya wa milimita za mraba 1.5, ambao ni wa taa, badala ya 2.5. Wapangaji watatu wakiwasha majiko ya umeme kwenye mstari mmoja, waya unachemka ndani ya dari bila mtu kuona.

"Hati zangu ziko salama kabatini." Kabati lipo wapi? Kama ni ndani ya nyumba hiyo hiyo, zitaungua nayo. Jitumie picha na nakala kwa barua pepe, na nyingine akae nazo ndugu wa mtaa mwingine.

"Nitaikatia bima kwa bei ninayoweza kuiuzia." Hapana. Kiwanja hakiungui, kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya. Wengine huishusha makusudi ili ada ipungue. Kama kujenga upya ni shilingi milioni 60 na umeandika 30, hasara ya milioni 10 italipwa milioni 5, kwa kuwa umekatia nusu tu, kisha itatolewa na ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unakuachia uibebe mwenyewe. Mthamini aliyesajiliwa akuandikie hesabu hiyo.

"Bima yangu itawafidia na wapangaji vitanda na televisheni zao." Haitawafidia, mali zao wazikatie wenyewe. Waambie mapema kabla hawajaja kukudai.

"Kodi nitakayoikosa nyumba ikijengwa upya italipwa tu." Italipwa kama umeinunua kama kinga ya nyongeza, na ukiwa na mikataba na risiti. Kodi ya miezi sita iliyopokelewa taslimu bila karatasi huna cha kuithibitishia.

"Bima ya moto inabeba kila janga." Mafuriko na tetemeko huombwa kwa jina na huandikwa kwenye mkataba. Kigoma tumekaa kwenye bonde la ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa yanayopanda taratibu ni jambo jingine, maana bima hubeba tukio la ghafla.

"Barua ya mwenyekiti wa mtaa inatosha." Inasaidia kuthibitisha kwamba nyumba ni yako na wapangaji walikuwepo. Haichukui nafasi ya taarifa ya polisi na ya Zimamoto. Piga 114 hata kama majirani wameshauzima, na usizoe majivu wala kung'oa nyaya kabla mkadiria hajafika.